Shajara ya mradi: kupima tafi bandarini, na zile sifuri tulizokuwa hatuandiki

Wiki ya 1

Haya, tumeanza rasmi. Kwa wale wapya, mradi wenyewe ni mdogo, tuko wanne: mimi, karani wa BMU (kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) na vijana wawili waliomaliza fomfo wakarudi nyumbani. Bandari yetu iko huku Kwale, ndani ya mwamba, na samaki wetu mkuu ni tafi. Kila mzee ukikaa naye kwenye banda atakwambia tafi wa siku hizi ni wadogo, zamani lema moja, ule mtego wa kusuka, lilikuwa linampa mtu kitoweo na nauli. Mimi nawaamini. Lakini ukienda kwenye kikao cha kaunti ukasema wazee wanasema, unaambiwa leta data, na data hatuna. Kitabu cha karani kina kilo tu, kilo za samaki wote kwa pamoja, hakisemi ni wakubwa au wadogo.

Kwa hiyo tumeamua tutapima urefu. Si kwa sababu ni kitu cha kitaalamu sana, ni kwa sababu ndo kitu tunachokiweza bila pesa. Urefu ukiwa mwingi wa kutosha unasema mambo mengi ajabu. Huko Denmark kuna bwana alikuwa anaitwa Petersen, miaka ya 1890 hivi, alipima samaki wengi akawapanga kwenye chati kulingana na urefu wao, akaona chati haiko tambarare, ina vilima vilima. Kila kilima ni kundi la samaki waliozaliwa msimu mmoja. Ukirudi baada ya miezi kadhaa ukapima tena unakuta kilima kimesogea kulia, na kule kusogea ndo kukua kwenyewe. Nilipoielewa hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda, manake ni kama kumpima mtoto urefu pale kwenye fremu ya mlango kila Idi, kitu ambacho kila nyumba inajua.

Dira yetu tumeichukua kwa Rainer Froese, yule Mjerumani aliyesaidia kuanzisha hifadhidata ya FishBase. Mwaka 2004 aliandika kwamba hata bila hesabu kubwa unaweza kuuliza maswali matatu tu: je, wanaovuliwa wamewahi kuzaa hata mara moja? Je, wengi wao wamefika ule urefu ambao kundi lao lina nyama nyingi kuliko wakati mwingine wowote? Na je, wale wakubwa sana, mama wakongwe wanaotoa mayai mengi kupita wote, wameachwa? Hayo matatu. Tumeyaandika kwa maka pen ukutani kwenye ofisi ya BMU.

Ubao wa kupimia ametutengenezea fundi wa mitumbwi. Ubao mrefu, kichwani kuna kizuizi ambacho samaki anagusa kwa mdomo, na katikati tumepigilia futi ya chuma. Tumempa hela ya chai na asante nyingi.

Wiki ya 2

Nimeamka saa kumi usiku siku nne mfululizo, nimechoka lakini roho imetulia. Tumepima.

Nieleze jinsi inavyokwenda kwa sababu watu wengi wanadhani unakaa pale na samaki wanakuja kwako wenyewe. Mtumbwi unaingia, tajiri, yule mnunuzi wa samaki, ameshasimama ndani ya maji mpaka magotini, anataka mzigo wake kabla barafu haijayeyuka na kabla pikipiki ya kwenda Ukunda haijaondoka. Una dakika tano, pengine tatu. Sasa hapo mtego wa kwanza ni kwamba mkono wako mwenyewe unakwenda kwa samaki mkubwa. Hata hutaki, unajikuta umemshika yule mkubwa kwa sababu anapendeza na anashikika. Ukipima hivyo mwezi mzima utapata bahari yenye samaki wakubwa ambayo haipo. Tukakubaliana kwamba hatuchagui samaki, tunachagua kapu. Likishachaguliwa kapu linapimwa lote mpaka yule wa chini kabisa aliyebanwa kona, na kama muda hautoshi tunaacha kabisa hilo kapu, hatupimi nusu.

Mimi tafi alinichoma siku ya pili. Miiba yake ina sumu, mgongoni na tumboni, na kidole kilivimba mpaka usiku nikawa sijui nikiweke wapi. Mama mmoja hapo bandarini alinichemshia maji akaniambia kitumbukize yakiwa moto kiasi unachoweza kuvumilia, na kweli yale maumivu yalianza kulegea. Sasa tunamshika na kitambaa kinene, unamlaza miiba ikiwa imelala, kichwa kwenye kizuizi, unasoma, unaita namba, mwenzako anaandika. Unaita kwa sauti na mwandishi anairudia kwa sauti, manake kumi na saba na ishirini na saba kwenye upepo wa kaskazi zinasikika sawa.

Wiki ya 4

Kuna makosa mawili yamegundulika na naandika yote kwa sababu shajara bila makosa haimsaidii mtu.

La kwanza, mimi nilikuwa napima kutoka mdomo mpaka pale mkia unapogawanyika, kijana mmoja akawa anapima mpaka ncha ya mkia. Wote tuko sahihi, vipimo vyote viwili vipo duniani, lakini huwezi kuvichanganya kwenye safu moja. Bahati nzuri kila fomu ina jina la aliyepima, kwa hiyo tumejua zipi ni zipi. Tumechukua tafi wa mchanganyiko, wadogo kwa wakubwa, tukapima kila mmoja kwa njia zote mbili ili tupate uhusiano wa kubadilisha kimoja kwenda kingine. Kazi ya siku moja. Kuanzia sasa tunatumia penye panda ya mkia tu.

La pili liliniuma zaidi. Ile futi ya chuma fundi aliikata ncha ili ikae vizuri kwenye kizuizi, na alipoikata akaondoa nusu sentimita. Kwa hiyo ubao wetu ulikuwa hauna sifuri. Kila samaki tuliyempima wiki tatu zote amepewa nusu sentimita ambayo si yake! Tumegundua kwa sababu karani aliweka tu rula ya mtoto wake ya shule juu ya ubao akaona hazilingani. Tumepunguza nusu sentimita kwenye rekodi zote za nyuma na tumeandika kwenye kila fomu kwamba imerekebishwa, hatukufuta namba za zamani, tumepiga mstari mmoja ili zisomeke. Alafu kila asubuhi kabla ya kuanza tunaukagua ubao na rula nyingine.

Nusu sentimita mtu anaweza kuiona ndogo. Lakini kwa samaki, uzito unapanda haraka kuliko urefu, akiongezeka urefu mara mbili uzito wake unaongezeka kama mara nane. Kwa hiyo ukikosea urefu kidogo, uzito unaoukokotoa kutokana na huo urefu unakosea zaidi, na tafi wetu walikuwa wameanza kuonekana wazima kuliko walivyo.

Wiki ya 6

Wiki ya visu na nyembe. Tunataka kujua tafi wa bandari yetu anakomaa akiwa na urefu gani, na hilo huwezi kulijua kwa nje, lazima umpasue uangalie mayai. Sasa nani atakuruhusu kupasua samaki wake? Tajiri hataki hata kusikia. Waliotusaidia ni akina mama karanga. Wao wananunua wale wadogo wa kukaanga na lazima wawatoe matumbo kwa vyovyote, kwa hiyo tulikaa nao chini ya mkungu, mama anapasua, mimi napokea utumbo, naangalia, naandika. Yule mchanga ana kitu kama uzi mwembamba unaong'aa, hata jinsia huwezi kuijua kwa macho. Anayejiandaa ana mfuko wa rangi ya manjano, ukiusogeza kwenye mwanga unaona punje punje. Aliyeiva, ukimbinya tumbo tu mayai yanatoka yenyewe. Na aliyekwisha kuzaa ana mfuko uliolegea, mwekundu, kama puto lililotoka upepo. Tumezipa hatua namba.

Kuna mama mmoja pale, mtu mzima, alinitazama nahangaika kuandika akaniuliza, "Mwanangu, wataka kujua wamejaa lini? Si uniulize." Akanieleza kwa mwezi, siku gani za mwezi tafi huja na mayai na siku gani huja tumbo tupu, kwa sababu yeye akikaanga wenye mayai mafuta hurukaruka na inambidi apunguze moto. Nimeandika yote. Tafi huzaa kwa kufuata mwezi, wataalamu wamelikuta hilo kwa vipimo vyao, na huyu mama amelijua kwa sufuria. Tumemwomba awe anatuhifadhia matumbo ya siku ambazo sisi hatuko na amekubali, tunamletea ndoo ya barafu.

Vichwa navyo tumevichukua, kwa ajili ya mawe ya sikio. Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe kichwani, vinamsaidia kusikia na kukaa wima, na vinakua naye vikiongezeka tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1899 Mjerumani mmoja, Reibisch, alionyesha kwamba unaweza kusoma umri wa samaki kwenye mawe hayo kama unavyosoma mti kwa mviringo wake. Shida yetu huku ni kwamba miviringo ya mwaka inatokea vizuri kwenye bahari za baridi ambako kuna kipindi samaki anakaribia kuacha kukua, wakati maji yetu ni ya joto mwaka mzima, tofauti ya kusi na kaskazi ipo lakini si kubwa, kwa hiyo miviringo inakuwa hafifu. Mwaka 1971 Giorgio Pannella akagundua kwamba kuna miviringo midogo zaidi, ya siku moja moja, na hiyo hata samaki wa joto wanayo. Lakini unahitaji kusugua jiwe mpaka liwe jembamba sana na uwe na darubini nzuri, na sisi tuna wembe na taa ya simu. Kwa hiyo tunayahifadhi tu. Tafi jiwe lake ni dogo mno, mara ya kwanza nililipoteza kwenye mchanga nikalia kweli kweli, sasa nafanyia kazi juu ya sinia jeusi. Tumeweka kila jozi kwenye bahasha ndogo ya karatasi yenye namba, tarehe na urefu. Siku tutakayopata maabara ya kutusaidia, yatakuwa yanatungoja.

Wiki ya 8

Hii ndo wiki iliyobadilisha mradi wote, naomba msome taratibu.

Tulikaa kuangalia miezi miwili ya kwanza, si urefu, tulikuwa tunaangalia kilo kwa mvuvi kwa safari. Namba ikawa nzuri. Imetulia, haishuki, hata siku mbaya inaonekana ya wastani. Mimi nikafurahi, karani akanyamaza. Nikamuuliza vipi, akasema, "Lakini wale waliorudi mikono mitupu hawamo humu."

Kweli hawamo. Sisi tunakaa penye mzani. Aliyepata samaki anakuja penye mzani, aliyekosa anavuta mtumbwi wake mchangani, anabeba kasia, anapita nyuma ya banda anakwenda kwake kulala. Hatukuwahi kumwandika. Kwenye data yetu huyo mtu hakwenda baharini siku hiyo.

Tuchukue mfano tu. Wametoka wavuvi 10, sita wamerudi na kilo 8 kila mmoja, wanne wamerudi tupu. Jumla ni kilo 48. Ukigawa kwa sita unapata 8. Ukigawa kwa kumi unapata 4.8. Bahari ni ile ile, siku ni ile ile, na sasa fikiria mwaka unaofuata waliorudi tupu ni saba, watatu waliobaki bado wana kilo 8 zao. Wewe penye mzani bado unaandika 8! Samaki wanaisha na karatasi yako inasema hakuna neno.

Na hili si letu peke yetu, lilishawapata watu wenye meli na madaktari wa sayansi. Kule Newfoundland, Kanada, walikuwa na chewa wa baridi, wao wanamwita kod, alilisha watu karne kwa karne. Miaka ya 1980 kulikuwa na vipimo vya aina mbili. Kimoja kilitoka kwa meli za uvuvi, samaki kwa saa ya kuvuta wavu, na kilionekana kizuri. Kingine kilitoka kwa meli ya utafiti iliyokuwa inakwenda kila mwaka kuvuta wavu kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, pawe na samaki pasiwe na samaki, na hicho kilikuwa cha chini zaidi. Meli za uvuvi hazikuwa zinakwenda pasipo na samaki, zilikuwa na vyombo vya kuwatafuta, na kod waliobaki walizidi kujikusanya makundi, kwa hiyo nahodha anajaza wavu ule ule huku bahari nzima inakauka pembeni yake. Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie akatangaza uvuvi umefungwa. Watu kama elfu thelathini wakakosa kazi. Walitarajia ingekuwa miaka miwili, serikali yao imekuja kuondoa marufuku mwaka 2024.

Siku hiyo sikula vizuri. Kuanzia kesho mmoja wetu anakaa penye mitumbwi na si penye mzani. Tunahesabu waliotoka alfajiri, tunahesabu waliorudi, na kila aliyerudi anaandikwa, awe na kapu au awe na kasia tu. Miezi miwili ya nyuma kwenye upande wa kilo tumeiweka kando. Ile ya urefu bado inafaa, haikuhitaji sifuri.

Wiki ya 9

Fupi. Kuandika sifuri ni kugumu kuliko nilivyodhani, si kwa mikono, kwa heshima. Unamfuata mtu mzima aliyekesha baharini, hana kitu, unamuuliza umepata ngapi? Mmoja alinijibu, "Wewe mtoto wataka kunicheka?" Nikaomba radhi. Karani akanifundisha, usianze na samaki. Anza na shikamoo, alafu bahari, upepo ulikuwaje, maji yalikuwaje, malema ulitega wapi, yamelala siku ngapi. Mpaka ufike kwenye samaki yeye mwenyewe ameshasema. Na ule mpangilio umetupa vitu ambavyo fomu yetu ya zamani haikuwa navyo, manake malema yaliyolala siku moja na yaliyolala tatu huwezi kuyalinganisha kwa idadi ya safari tu.

Wiki ya 10

Mzee mmoja ameuliza swali zuri: mnahesabu waliokufa, waliobaki majini mnawajuaje? Nikamwambia kuna njia kadhaa ninazozifahamu, na nyingi hatuna uwezo nazo, ila akaketi akataka kusikia.

Nikaanza na ile meli, Dr. Fridtjof Nansen. Inapeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, ni kazi ya FAO pamoja na Norway. Ya kwanza ilianza 1975 na ilianzia huku huku magharibi mwa Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapita pwani zetu za Afrika Mashariki, na iliyopo sasa ni ya tatu, ilianza kazi 2017, ina urefu wa mita 74 na kitu, mwaka 2018 ilipima maji ya Tanzania. Inakwenda kwa mistari iliyonyooka, inatoka karibu na pwani inakwenda nje inarudi, huku chini ya meli kuna chombo kinachopiga sauti kwenda chini na kusikiliza mwangwi. Sauti ndani ya maji ya chumvi inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo ukijua muda unajua kina. Kinachorudisha mwangwi zaidi si nyama ya samaki, ni kile kibofu chake cha hewa, ndo maana asiye na kibofu anaonekana hafifu kwenye skrini hata akiwa mkubwa. Wanagawa nguvu ya mwangwi wote kwa nguvu ya mwangwi wa samaki mmoja wa urefu fulani, wanapata idadi. Lakini mwangwi hausemi jina. Hauwezi kukwambia huyu kibua huyu dagaa, kwa hiyo bado inabidi washushe wavu wa trali pale pale, wapandishe, wapange sakafuni, na wapime urefu kwenye ubao. Mzee akacheka akasema kumbe na wao wana ubao!

Wana ubao. Na wana sifuri zao, kituo walichovuta wavu kikatoka kitupu kinaandikwa kama vingine.

Ila meli ile haiwezi kuja kwetu. Ndani ya mwamba, kwenye nyasi za bahari ambako tafi anaishi, maji ya kupwa yanafika kiunoni. Huku hakuna meli itakayokuja kutupimia.

Akauliza kwa nini hatuwatii alama tukawaachia. Nikamwambia jodari walifanyiwa hivyo, kati ya 2005 na 2007, mradi wa kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, samaki zaidi ya 160,000 walifungwa vitambulisho vya plastiki mgongoni, wengi wao nje ya pwani ya Tanzania, na wengine walidungwa dawa inayoacha alama kwenye lile jiwe la sikio ili wakivuliwa tena watu wajue miviringo mingapi imeongezeka tangu siku ile. Aliyerudisha kitambulisho alipewa zawadi. Kwa tafi wetu ingewezekana pia, lakini hela.

Wiki ya 11

Njia nyingine tumeijaribu wenyewe, kupiga mbizi na kuhesabu kwa macho. Tuliazima miwani na mapezi. Unalaza kamba ya mita 50 chini, unasubiri kidogo samaki watulie, alafu unaogelea polepole ukihesabu kila samaki aliye ndani ya mita mbili na nusu kulia na mbili na nusu kushoto, kwa hiyo eneo lote ni mita za mraba 250. Idadi ndo rahisi. Urefu ndo kazi, manake maji yanakuza vitu, kila samaki anaonekana mkubwa na karibu kuliko alivyo. Tulikata samaki wa plastiki kutoka kwenye madumu ya mafuta, urefu tofauti, tukavifunga mawe tukavizamisha, mmoja anapita anakisia, tunatoka tunalinganisha na ukweli. Siku ya kwanza mimi nilikuwa nazidisha sana. Baada ya wiki nikawa nakaribia. Kwa njia ya namna hii bwana Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakifuatilia mwamba wa Kenya tangu miaka ya 1980, ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi, na ndo sababu leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba ndani ya hifadhi za zamani za baharini samaki ni wengi na wakubwa kuliko nje.

Kwetu tumefanya kamba sita. Kamba mbili hatukuona tafi hata mmoja. Tumeandika.

Wiki ya 14

Kusi imeingia. Mitumbwi midogo haitoki siku nyingi, bahari chafu, mbizi tumesimamisha. Umekuwa wakati wa kukaa na laptopu.

Chati ya urefu ninayo mbele yangu na nataka niwe mwangalifu. Kuna kilima kimoja kikubwa upande wa kushoto, wa tafi ambao kwa matumbo tuliyoyaona wengi wao bado walikuwa na uzi ule mwembamba. Upande wa kulia, wa mama wakongwe, ni mkia mwembamba sana. Ukisoma haraka unasema tayari, wakubwa wameisha. Lakini subiri kwanza. Sampuli yetu nyingi imetoka kwenye malema, na lema lina mlango na lina tundu, mkubwa sana haingii vizuri mlangoni na mdogo sana anapita kwenye tundu, kwa hiyo chati inachora lema pia, haichori tafi peke yake. Nimetenganisha malema, mshipi na nyavu, kila kimoja na chati yake. Mkia wa kulia umebaki mwembamba kwenye zote tatu. Hilo limenisikitisha, na ni hapo tu ndo nimeanza kuamini kwamba wazee wako sahihi. Ila miezi hii ni michache, na msimu wa kuzaa haujazunguka mara moja. Tunaendelea mpaka kaskazi nyingine.

Kijana mmoja anataka tujaribu malema yenye mwanya, ule upenyo unaoachwa makusudi kwenye kona ili wadogo watoke wenyewe. Yameshajaribiwa pwani hii ya Kenya. Wazo zuri kabisa, tutatega kando kwa kando na ya kawaida, mahali pamoja na siku zile zile.

Wiki ya 16

Jana tumesoma matokeo mbele ya wavuvi. Nilikuwa na hofu. Tulichapisha chati kubwa tukaitundika kwenye mkungu, na badala ya kueleza nikampa mzee mmoja samaki watatu wa mbao tuliowachonga, mdogo, wa kati, mkubwa, nikamwomba awaweke kwenye chati mahali pao. Aliwaweka bila kukosea. Watu wakaanza kubishana wenyewe, mimi nikakaa.

Swali gumu likaja: mkishapeleka hizi namba si watafunga bahari? Sikutaka kudanganya mtu. Nikasema inawezekana, namba ni za kila mtu akishazipata, lakini leo pia maamuzi yanafanywa, yanafanywa kwa kitabu cha kilo tu ambacho hakionyeshi mtu anayerudi tupu. Tumekubaliana fomu za asili zinabaki ofisini kwao, nakala ndo zinatoka, na haitoki bila kikao. Majina ya sehemu wanazotega hayaandikwi, tunatumia namba ambazo karani peke yake anazo.

Leo asubuhi bahari ilikuwa mbaya, wametoka watatu tu. Wawili wamerudi na kidogo. Wa tatu ni yule yule aliyeniuliza kama nataka kumcheka. Amevuta mtumbwi wake, ameufunga, akaja moja kwa moja nilipokaa, maji yanamchuruzika. "Niandike, mwanangu. Sina kitu." Nikamwamkia nikamuuliza malema mangapi, akasema tisa, yamelala siku mbili, maji mafu, upepo wa kusi tangu jana jioni. Nimeandika yote, tafi 0, changu 0, pono 0.